Upande wa Pili wa Kisu cha Col

Watu wa hapa Dover, kijiji chetu cha pwani kusini mwa kisiwa, wakimtaja Denise Direen husema "mke wa Col wa visu", na kila nikisikia hivyo damu inanichemka. Huyo mwanamke kasimama kwenye meza ya kukatia samaki pale kiwandani miaka nenda rudi, miguu ndani ya buti za mpira, vidole ndani ya barafu, na visu vilivyopita mikononi mwake ni vingi kuliko vyote alivyowahi kutengeneza Col. Najua, kwa sababu meza iliyofuata ilikuwa yangu. Tulistaafu pamoja, tukarudi nyumbani pamoja, yeye na viganja vyake vibovu, mimi na kiuno changu kibovu, na uzio wa waya kati ya nyumba yake na yangu.

Col mwenyewe sikumpenda sana, nisiwe mnafiki. Alikuwa mtu mkavu. Kinu cha mbao kilipofungwa alijichimbia kwenye banda nyuma ya nyumba, akaanza kutengeneza visu, na ikawa hujui kama kaoa mke au kaoa banda. Ila visu vyake, lo! Haki yake simnyimi. Watu walivuka bahari kutoka bara kuja kuvifuata. Alivimaliza kwa mkono, kwa msasa, siku nzima upande mmoja, mpaka chuma kinakuwa na mng'ao uliotulia, na ile mistari ya kisu, pale ubapa unapokutana na mteremko wa kwenda kwenye makali, imekatika safi kana kwamba imechorwa kwa rula.

Mafundi wenzake walimletea visu vyao avitazame. Kisu kibaya alikilaza kifudifudi mezani, kimya, akaendelea na kazi zake. Hakukutukana wala hakukueleza. Kisu kizuri ndicho alichokihangaikia: alikigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha mpaka apate dosari moja, akaiwekea ukucha, akakurudishia. Grant, yule kijana wa Huonville, alilaziwa visu vyake kifudifudi mpaka nikamwonea huruma. Siku Col alipomwekea ukucha alipita kwangu anacheka peke yake kama amelewa.

Basi kiharusi kilimkuta Col humo humo bandani, msimu wa matufaha unaanza. Denise alimkuta sakafuni, mkono wa kulia umelala kama si wake. Juu ya meza kisu kilikuwa kimefungwa kwenye ubao wake wa kazi. Upande mmoja umekwisha, safi. Upande wa pili bado una mikwaruzo ya mashine.

Alirudi kutoka hospitali ya Hobart na kiti cha magurudumu na neno moja tu mdomoni.

"Col, utakunywa chai?"

"Ndiyo ndiyo."

"Col, umeshiba?"

"Ndiyo ndiyo."

"Col, nyumba inaungua?" Huyo mimi, namchokoza.

"Ndiyo ndiyo."

Siku za mwanzo tulicheka, hata yeye alichekea upande mmoja wa mdomo. Baadaye ikaacha kuchekesha. Hebu fikiria kuishi na mtu anayekubali kila kitu, na hujui anachotaka hata kimoja.

Denise alichoka. Sisemi kuchoka kwa kulala ukaamka umepona. Alimwinua asubuhi, akamwogesha, akamponda viazi na nyama, akamfuta kidevu, akampasulia kuni za jiko, akamgeuza usiku asipate vidonda, na asubuhi yake hayo hayo. Uso ulimpauka. Alikuja kwangu kuazima sukari akasahau alichofuata, akasimama mlangoni na kikombe kitupu, akarudi. Nikimwambia pumzika ananitazama tu, kama nimemwambia aruke hadi mwezini.

Binti yao Narelle, anayekaa Hobart, alikuja na mipango yake yote kichwani. Kuna vijumba vya wazee karibu na hospitali, nesi anapita kila siku, hakuna kuni wala ngazi.

"Mama, utakufa wewe kabla yake," alisema, nami nipo pale nakunywa chai. "Uza nyumba. Grant yuko tayari kuchukua vitu vya bandani, Jumamosi aje na pikapu."

"Nitafikiri," Denise akasema.

"Unafikiri tangu msimu wa matufaha, Mama!"

Narelle si mtoto mbaya. Ana mdomo kama wangu, ndiyo maana hatupatani.

Alipoondoka, Denise alinifuata uziani.

"Rae, hutanicheka?"

"Nitakucheka. Sema."

"Kile kisu kinaninyima usingizi. Kimekaa pale nusu. Nimeanza kukimalizia ule upande wa pili."

"Wewe? Na viganja hivyo?"

"Nikikimaliza na Col akakikubali, nitajua bado yumo humo ndani, na banda bado lina mwenyewe. Nitamwambia Narelle hatuendi. Nisipoweza, Jumamosi Grant abebe kila kitu, hata kalenda ya ukutani. Sitasema neno tena."

"Akikubali? Mtu ambaye kila kitu kwake ni ndiyo ndiyo?"

"Mdomo wake siusikilizi," akasema. "Nitaangalia mkono."

Nilimuuliza kama kweli hataki kuhama. Akaegemea nguzo ya uzio, akafumba macho. "Sijui ninachotaka, shoga. Nataka kulala."

Sasa nikueleze ile kazi, maana mimi nilidhani ni kusugua tu kama sufuria. Msasa wenyewe ni karatasi. Ukiusukuma kwa kidole, kidole ni nyama, kinazama, na chuma kinatoka na mawimbi. Kwa hiyo unauzungushia kitu, na kitu hicho Col alikiita mgongo. Droo nzima ilijaa migongo. Kulikuwa na kipande cha chuma kilichonyooka, kipande cha shaba, vibao vya mti mgumu, kibao kilichogundishiwa ngozi, na kipande cha mpira alichokikata kwenye kisigino cha buti ya Denise ya kiwandani. Na kulikuwa na kimoja kilichotoka kwenye mpini wa shoka la baba yake Col, aliyekuwa mkata miti huko kusini. Kila mgongo una kazi yake, na aliyejua ni kazi gani alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na jiko, blanketi magotini, anasema ndiyo ndiyo.

Denise alianza na chuma. Kigumu, kimenyooka, akaona hakiwezi kukosea. Hakujua kwamba mgongo mgumu hausamehe. Chembe ya mchanga ikiingia chini yake inachimba mfereji. Alisugua siku tatu, alipofuta maji ya sabuni akaona mikwaruzo kama makucha ya paka kutoka bega la kisu, pale mpini unapoanzia, hadi nchani. Alimwonyesha Col.

"Ndiyo ndiyo," Col akasema, akakichukua kwa mkono wa kushoto, akakilaza kifudifudi mezani.

Denise akasugua upya mpaka makucha yakaisha. Mara hii akaogopa ugumu, akashika kile cha ngozi. Siku aliponiita kukitazama nilipiga kelele. Kiling'aa! Nikamwambia Denise, mwenzangu, umemaliza, weka chupa ya divai mezani. Tukampelekea Col. Ndiyo ndiyo, kifudifudi.

Hapo nilishindwa kujizuia. "We mzee una roho gani? Mwenzio anakufa na kazi, wewe unalaza visu! Sema basi una nini!"

"Usimfokee, Rae."

"Namfokea! Kiharusi hakijamtoa masikio!"

Denise alikipeleka kisu dirishani, akakiinamisha kwenye mwanga, upande wa Col kwanza, halafu wake. Upande wa Col mistari ilikuwa imesimama. Upande wake ilikuwa imeyeyuka, kama kipande cha sabuni kilichoogewa na watu wengi. Ngozi ni laini, inapinda na kupanda juu ya kona na kuzila. Mng'ao ulinidanganya mimi. Haukumdanganya yule mwenye ndiyo ndiyo zake.

Ikabidi akate tena chuma mpaka kona zirudi, na hapo ndipo penye tatizo. Chuma hakioti. Kila akisahihisha upande wake ulizidi kuwa mwembamba kuliko ule wa Col, na makali yalianza kusogea kutoka katikati. Alijaribu tena, safari hii na mpini wa shoka. Ni mti mgumu lakini una uhai kidogo, haung'ati kama chuma wala haulegei kama ngozi. Sasa alikuwa amechagua sawa. Kisu kikatoka kizuri kote, isipokuwa begani, upande mmoja, mstari ukayeyuka tena. Col akakilaza.

"Nina nafasi moja," aliniambia. "Nikiharibu tena hakuna chuma cha kuondoa. Kisu kizima kitakuwa kimekwenda, na upande wake pia."

Ijumaa mvua ilinyesha ile ya kusini, inayokuja na ubaridi wa barafu na kupiga bati kwa mabavu. Nilichukua vikeki vyangu vya unga na siagi nilivyooka asubuhi, nikajifunika koti, nikaenda bandani. Col alikuwa pembeni ya jiko. Denise alikuwa amekaa mbele ya kisu, hasugui. Ameshika ule mgongo wa mpini wa shoka, anaupapasa tumboni, ule upande unaokaa msasa.

"Kesho Grant anakuja na gari," nikamwambia. "Unangoja nini?"

Nikaunyakua ule mgongo. Kama kuna kitu tulichojifunza kiwandani ni jiwe la kunolea. Jiwe likibonyea, kisu kinakuwa cha ovyo, na msimamizi atakupigia kelele mbele ya watu. Nilichukua rula ya chuma, nikailaza kwenye tumbo la ule mgongo, nikauinua kwenye mwanga. Mwanga ulipita chini ya rula, upande wa kulia.

"Denise! Mgongo umelika huku! Ndiyo maana mstari unayeyuka!"

"Unadhani sijaona?" akasema polepole. "Wiki nzima nimeona."

"Ebo! Na umenyamaza? Kioo chake cha kunyooshea migongo si kile pale? Weka msasa juu, uusugue mpaka unyooke, kazi iishe!"

"Sitaki."

"Hutaki nini?"

Alinyoosha mkono, akauchukua mgongo kwangu, akauweka kifuani. "Pale palipolika ni yeye, Rae. Kila akisukuma alikuwa anaegemea kulia. Nikiweka kidole pale najua alivyosimama, alivyopinda bega. Ule mkono umekufa, umeuona. Umebaki huku tu. Nikiunyoosha, nitabaki na kipande cha kuni."

Nami mdomo wangu ndio huo. "Basi utundike ukutani uusalimie asubuhi na jioni! Na kesho watu wabebe vilivyobaki!"

Alianza kulia, bila sauti, amechoka hata kwa hilo. Nikajiona mjinga. Ndipo niliposikia magurudumu.

Col alikuwa anajisukuma kwa mguu wa kushoto, kidogo kidogo, kiti kinakwenda upogo. Alifika mbele ya Denise akafungua kiganja cha kushoto. Denise akampa ule mgongo. Col akauweka mapajani, tumbo juu. Akachukua penseli kwenye kopo. Kwa mkono ule usiojua kazi akauchora mistari, imepinda kama ya mtoto, tumbo zima, kutoka kushoto hadi pale kulia palipolika.

"Anataka nini?" nikauliza.

Denise alikuwa ameshaelewa. Alileta kile kioo kinene, akakilaza kwenye meza ndogo ya kiti chake, ile anayolia chakula. Akaweka msasa juu yake, akaumwagia maji. "Shika hapo," akaniambia, nikashika.

Col akaanza kusugua. Ilikuwa taabu kumtazama. Mkono wa kushoto ulikwenda kombo, mgongo ukamponyoka, nikauokota, ukamponyoka tena. Jasho likamtoka penye baridi ile. Kila mara aliugeuza kutazama mistari ya penseli, maana palipobaki penseli ndipo palipobonyea. Ilifutika katikati, ikafutika kushoto. Ikabaki pale kulia, pale alipoegemea maisha yake yote.

"Pumzika, Col," nikamwambia, na safari hii kwa upole.

"Ndiyo ndiyo," akasema, wala hakupumzika.

Aliendelea mpaka mstari wa mwisho ukafutika na tumbo la ule mgongo likawa sawasawa. Denise alikuwa amegeukia dirisha. Mvua ilikuwa bado inapiga bati, na vikeki vyangu vilikuwa vimepoa kwenye sahani bila mtu kuvigusa.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Denise ameanza zamani. Maji ya sabuni, kipande kipya cha msasa, mgongo ulionyooka, anafuta kila baada ya muda ili chembe isiingie. Alishuka kutoka msasa mkali hadi ule laini. Mwisho kabisa husugui kwenda na kurudi. Unasukuma upande mmoja tu, kutoka begani hadi nchani, unainua, unarudi mwanzo. Ukisita kabla ya kuinua, msasa unaacha alama ndogo iliyojikunja, kama ndoana. Kwa viganja vile kila kuinua kulimuuma, nilimwona anauma midomo. Sikumsaidia. Haikuwa kazi yangu.

Alikuwa anakifuta kwa kitambaa tuliposikia pikapu inapanda. Narelle aliingia kwanza, na maboksi matupu. Grant nyuma yake, kavua kofia, hana raha, anatazama vile vitu vya Col kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa.

"Mama, tuanzie wapi?" Narelle akauliza.

"Ngojeni," Denise akasema.

Akakiweka kisu kwenye kiganja cha kushoto cha Col, akarudi nyuma, akasimama mikono imening'inia. Tangu msimu wa matufaha hajalala, ameinua mwili wa mwanamume mzima kila siku ya Mungu, na yote amekuja kuyaweka juu ya kile kipande cha chuma.

Col alikiinamisha kwenye dirisha. Alitazama upande wake. Akakigeuza, akatazama ule wa mkewe, akakigeuza tena. Tulikuwa watu wazima wanne tumebana pumzi ndani ya banda.

"Kizuri, Baba?" Narelle akauliza.

Nikangoja ndiyo ndiyo. Haikuja. Alifumba mdomo kabisa. Akakileta kisu karibu na jicho, akakipeleka mbali, akakirudisha. Halafu akakishika kati ya magoti yake, akanyoosha kidole gumba, akaweka ukucha karibu na bega la kisu, upande wa Denise, akaubakiza pale. Akainua macho kumtazama mkewe.

Denise alivaa miwani, akainama. Mimi sikuona kitu. Yeye aliona.

"Ndoana," akasema. "Nilisita pale."

"Pole, Mama," Narelle akasema, akamshika bega. "Umejitahidi. Hajakipenda, basi."

"Narelle," Grant akasema, "nyamaza kidogo. Mimi ule ukucha niliungoja miaka."

Denise aliketi kwenye kreti ya matufaha, akacheka, kisha akalia, halafu vyote viwili kwa pamoja, na safari hii kwa sauti, kama mtu aliyetua mzigo katikati ya njia asijue kama ataweza kuubeba tena. Col hakuuondoa ukucha. Alikuwa anamngoja.

Grant aliokota maboksi yale matupu mwenyewe, akayarudisha garini. Narelle na mdomo wake wote akaokota boksi lililobaki, akamfuata nje, na mara ya kwanza nilimpenda.

"Nimechoka, Rae," Denise akaniambia, anajifuta kwa mkono wa sweta. "Nimechoka mno."

"Najua. Lala basi, utaendelea kesho."

"Teleka maji ya chai," akasema. Akachana kipande kipya cha ule msasa laini usiokula chuma, akauzungushia ule mgongo, na Col akamrudishia kisu, ukucha bado uko pale pale ili asipapoteze.